Hofu Mia Tatu Sitini na Moja

Subilaga alikuwa mkandaji hodari kuliko wote waliowahi kupita katika Chuo cha Ukandaji cha Tukuyu, na alikuwa anaogopa mikono ya watu. Si mkono mzima. Kiganja hakikumsumbua, wala kiwiko. Kilichomtoa jasho jembamba ni pale kifundoni, upande wa kidole kidogo, kwenye kijishimo kilicho juu ya mkunjo wa ngozi. Nukta hiyo wakandaji huiita Lango la Roho, na kazi yake, ucheke au ulie, ni kumtuliza mtu mwenye hofu.

Asubuhi hiyo mgonjwa wake wa nne alikuwa Atuganile, mama mnene muuza ndizi, ambaye hakuwa amefumba jicho tangu Jumapili. Alijitupa kitandani na kitenge chake cha maua ya manjano, akaanza kuvisema vidonge vya usingizi. Siku hizi, alisema, hata ukimpa kuku havimlazi, sembuse mtu. Hakuwa anatia chumvi. Ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu dawa za maumivu na za usingizi zianze kugoma katika miili ya watu, moja baada ya nyingine, na hospitali zilizokuwa zikiwacheka wakandaji sasa ziliwapigia simu kwa unyenyekevu.

Subilaga alianzia mguuni makusudi, ili auchelewe mkono. Chini ya goti, kwenye nukta iitwayo Tumbo namba thelathini na sita, dole gumba liligusa, na papo hapo, kichwani mwake, mbwa wa jirani alimrukia shingoni. Huyo alikuwa mbwa wa kweli, aliyemng'ata akiwa darasa la pili. Subilaga aliuma meno, akaendelea kubonyeza. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba amepatia. Katika kila nukta ya mwili kulikuwa na kitisho kimeketi kinamsubiri. Kikija, nukta ni yenyewe. Kisipokuja, amekosea, asogeze dole. Hakuhitaji kupima kwa vidole vya mgonjwa kama wafanyavyo wakandaji wa zamani, wala kuimba nyimbo za kukumbukia. Yeye alikuwa na kipini.

Kilikuwa kidogo mfano wa punje ya mtama, kimezama nyuma ya sikio lake la kushoto. Aliwekewa miezi saba iliyopita, mtu wa kwanza chuoni. Kwa siku tisa alilazwa kwenye kitanda cha chuma huku fimbo baridi ikimgusa nukta moja baada ya nyingine, na kila ilipomgusa, kipini kiliamsha hofu moja ya zamani na kuifunga hapo. Dokta Lugano, aliyekibuni, alimweleza kwamba ubongo husahau wimbo, husahau picha, husahau hata sura ya mtu uliyempenda, lakini mahali ulipotishwa hausahau. Wanafunzi wengine walihangaika miaka mitatu na nukta mia tatu sitini na moja, wakazichanganya, wakalia, wakarudia mitihani. Subilaga alizimeza zote kwa siku tisa, na tangu hapo hakukosea hata moja.

Sasa alikuwa amemaliza miguu, amemaliza mgongo, amemaliza hata masikio ambayo hayakuwa na shida yoyote. Atuganile akamnyooshea mkono mwenyewe na kumwambia kwamba mkandaji aliyepita alimshika hapo na alilala mpaka jua likamchoma. Subilaga akaweka dole.

Mvua ikaanza. Alikuwa juu ya gogo lililolazwa kama daraja juu ya mto, maji chini yake mekundu na yenye kelele, na mkononi mwake alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Tusekile, mdogo wake, mwenye miaka minne na gauni la bluu lililopauka. Yeye mwenyewe alikuwa na tisa. Gogo likayumba. Tusekile akateleza, akaning'inia, akaanza kumvuta, na Subilaga akajua kwamba watakwenda wote wawili. Watu wangesema aliponyokwa, lakini yeye aliyajua ya moyoni mwake. Hakuponyokwa. Alifungua vidole.

Aliyazoea hayo, kama mtu anavyoweza kuzoea kuunguzwa. Siku zote ilikuwa vilevile, gogo, maji, gauni la bluu. Leo alipotazama chini, Tusekile hakuwa na gauni la bluu. Alikuwa amejifunga kitenge cha maua ya manjano, kikubwa kupita mwili wake, na kutoka majini aliinua uso wenye mashavu manene ya Atuganile.

Subilaga aliuachia mkono wa mgonjwa kwa nguvu hata mama wa watu akashtuka. Akasingizia misuli imemkaza, akaomba radhi, akatoka nje na kusimama ukutani. Wengine waliokufa huacha picha, au nguo. Tusekile hakuacha kitu, na nyumbani jina lake halikuwa likitajwa. Mahali pekee alipobaki palikuwa ni hapo, kwenye kumbukumbu moja mbaya, na kumbukumbu hiyo ilikuwa imeanza kuharibika.

*

Mwalimu Ambakisye alikuwa na miaka sabini na moja na hakukipenda kipini. Hakuficha. Katika darasa lake wanafunzi walikuwa bado wanavua mashati na kuandikana majina ya nukta mgongoni kwa kalamu ya wino, na kila mmoja alipima kwa vidole vya yule aliyelala mbele yake, kwa sababu mwili hujipima kwa kipimo chake wenyewe. Aliyekosea aliandikwa tena. Ukikutana nao bwenini siku ya Ijumaa ungedhani ni madaftari yanatembea.

Subilaga alimkuta akinywa chai peke yake, akamsimulia habari ya kitenge. Hakumwambia nani alifungua vidole. Alisema tu kwamba mdogo wake alikufa maji, na kwamba kumbukumbu yake imeingiliwa na nguo ya mgonjwa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hilo la kitenge, alisema, halikumshangaza. Kila mara mtu anapoifungua kumbukumbu huirudisha na vumbi la siku hiyo, na Subilaga alikuwa akiifungua ile mara nane kwa siku. Kilichomshangaza kilikuwa kingine. Akaweka kikombe chini.

"Una miaka mingapi, Subilaga?"

"Ishirini na mitatu, Mwalimu."

"Na umeogopa mara mia tatu sitini na moja?"

Swali lilikuwa jepesi, na ndiyo maana lilimtisha. Hakuwahi kuhesabu. Walianza kuhesabu pamoja, mzee akigusa nukta hewani na kuitaja, naye akisema kinachokaa hapo. Chini ya goti, mbwa. Katikati ya nyusi, mwalimu wa hesabu na fimbo yake. Begani, siku baba alipozimia shambani. Nyonga, nyoka kwenye migomba. Zilikuja vizuri mpaka kama arobaini hivi. Kisha mzee akataja ile ya unyayo, Chemchemi Inayobubujika, na Subilaga akajibu bila kufikiri kwamba hapo pana treni, imezima taa ndani ya handaki, na watu wanakanyagana.

"Umewahi kupanda treni?"

Hakuwahi kupanda treni. Hakuwahi hata kuiona kwa karibu. Lakini alilijua giza la handaki lile, alijua harufu ya jasho la watu, alimjua mwanamke aliyekuwa akimwita mtu fulani kwa jina, Pita, Pita, kwa sauti inayokwenda ikififia. Wakaendelea. Kwenye kisigino kulikuwa na nyumba yenye milango ya kijani inaungua. Kwenye mbavu, mwanamume asiye na uso alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kila mzee alipouliza ilikuwa wapi na lini, Subilaga alipapasa na kukosa.

"Tusekile ni wa kweli," alisema ghafla, kabla hajaulizwa.

Mwalimu Ambakisye hakubisha. Alimwambia ampigie mama yake simu. Basi, hilo tu. Rahisi kwa aliyekuwa akisema, maana yeye hakujua kwamba kumuuliza mama kuhusu Tusekile ilikuwa ni kumfungulia mlango ambao Subilaga alikuwa ameuegemea kwa mgongo miezi yote saba. Mama angeuliza ilikuwaje, na safari hii ingebidi ajibiwe.

Na muda haukuwepo. Saa tisa alasiri alitakiwa ofisini kwa Dokta Lugano, kutia sahihi hati inayosema kwamba kipini hakina madhara. Sahihi hiyo ilikuwa inasubiriwa na wanafunzi thelathini na wawili wa mwaka wa kwanza, ambao vitanda vyao vya chuma vilikuwa vimekwisha kupangwa ukumbini.

*

Mama yake alikuwa Kyela, uani, anaanika kakao. Picha yake ilipotokea kwenye kioo cha simu alikuwa ameinama, anageuza mbegu kwa reki, na alisalimia bila kuacha kazi. Akauliza habari za baridi ya Tukuyu. Akauliza kama anakula. Subilaga alijibu yote hayo, na aliona kwamba akingoja kidogo zaidi ataaga na kukata.

"Mama, nataka nikwambie habari ya Tusekile."

Reki ikasimama.

Akasema yote kwa pumzi moja, asije akajirudi. Gogo, mvua, mto. Kwamba alimshika vizuri, kwamba angeweza kuvumilia kidogo zaidi, labda angepita mtu. Kwamba aliogopa kufa. Kwamba hakuponyokwa. Alilia bila kujifuta, akasema anajua mama hataweza kumsamehe na hamuombi amsamehe, ila alikuwa amechoka kuibeba peke yake.

Mama akacheka.

"Tusekile yule gunzi?"

"Gunzi gani, Mama?"

"Gunzi la mahindi, mwanangu. Ulilifunga kitambaa cha bluu ukaliita Tusekile, ukawa unalibeba mgongoni kutwa. Likakuponyoka pale darajani kwa akina Mwaipopo. Ulilia siku mbili, baba yako akataka kukutafutia lingine ukakataa." Alikuwa bado anatabasamu, anafurahi kukumbuka, mpaka alipoutazama vizuri uso uliokuwa kwenye kioo. Tabasamu likamtoka. "Subilaga. Mimi nilizaa mmoja tu. Wewe. Hukuwahi kuwa na mdogo. Hivi huko wanakufanya nini?"

Subilaga alisema hakuna kitu, ni uchovu, ni mitihani. Alidanganya vibaya na wote wawili walijua. Akaahidi kupiga jioni, akakata.

Alipaswa kufurahi. Kwa miezi saba alikuwa muuaji wa mtoto, na sasa hakuwa. Mtu mwingine angeanguka magoti akashukuru. Yeye alikaa kwenye ngazi za bweni asishukuru, kwa sababu alimjua Tusekile. Alijua alivyokuwa akilala kinywa wazi, alijua kovu lake la kidevuni, alijua alivyosema "dada" kwa kuivuta mpaka iwe ndefu, na hakuna gunzi linalosema dada. Taratibu, akijua ni upumbavu, alijibonyeza kifundo cha mkono wake mwenyewe. Mvua ikaanza. Tusekile akaja mbio juu ya gogo, na akaja vilevile, mzima, hana habari kwamba hayupo. Hapo Subilaga aliogopa kuliko alivyowahi kuuogopa mto.

*

Dokta Lugano hakuwa mtu mbaya, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu anayekosa usingizi, na alipoulizwa kuhusu Tusekile hakukana. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

Mtu wa umri wa Subilaga, alisema, huwa na hofu hai arobaini, hamsini akiwa amepata taabu sana. Hazitoshi. Kwa hiyo kipini hushona. Huchukua kipande kidogo cha kweli, kitambaa, jina, sauti iliyopita redioni, na kukikuza mpaka kitishe vya kutosha kushika nukta. Kwa kifundo cha mkono hakikupata kitu ila gunzi lililoponyoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua ni ya uongo isingekutisha. Na isingekutisha, usingekumbuka."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayeeleza dozi. Kisha akamwekea mezani mambo yote mawili, bila kumlazimisha. La kwanza, atie sahihi. Angebaki na mikono yake, iliyokwisha kuwatuliza watu zaidi ya mia sita, na wilaya zilizokuwa zikiomba wakandaji kwa machozi zingepata thelathini na wawili mwezi huu badala ya baada ya miaka mitatu. Alimkumbusha wodi ya walioungua. Alimkumbusha akina mama wanaofanyiwa upasuaji macho makavu. Subilaga aliwakumbuka, alikuwa amewashika mwenyewe.

La pili, alalamike. Kanuni ilikuwa wazi: atakayelalamika hung'olewa kipini siku hiyohiyo, kwa usalama wake, na majaribio husimama. Lakini kilichofungwa pamoja hung'oka pamoja. Nukta zote zingekwenda, na hofu zote zilizofungwa kwazo, za kweli na za kushonwa. Asingejua tena pa kuweka dole. Angerudi darasani kwa Mwalimu Ambakisye kuandikwa mgongoni na kalamu, kama bado angekuwa na moyo wa kuanza upya.

"Na Tusekile?"

"Hutajua hata kwamba umeniuliza," Dokta alisema. "Hutasikia uchungu, Subilaga. Nakuahidi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomtisha. Alitaka kusikia uchungu. Mtoto akipotea lazima pawe na mtu wa kuumia, na dunia nzima huyu alikuwa na mtu mmoja tu. Akawaza kutia sahihi. Aliwaza kweli, tusimpambe. Kalamu alikuwa ameishika, na kidogo tu angeandika jina lake na kurudi kazini, na kesho asubuhi angemshika mgonjwa mkono na Tusekile angekuja mbio. Angezama, lakini angekuja. Lakini yale maua ya manjano nayo yangekuja, na mashavu ya huyu na nguo za yule, mpaka siku moja angetazama chini ya gogo asimwone mdogo wake kabisa, aone umati wa wagonjwa tu.

Akauliza wale wa mwaka wa kwanza wana umri gani. Kumi na minane, Dokta alijibu, wengine kumi na tisa.

"Hao wana hofu ngapi?"

Dokta Lugano alitazama meza. "Chache," akasema.

"Kwa hiyo mtawashonea nyingi kuliko mimi."

"Ndiyo."

Subilaga alijaribu kuhesabu ni watoto wangapi wangezama kwa mwezi huo mmoja, ni nyumba ngapi zingeungua, ni wanaume wangapi wasio na uso wangeketi kwenye vitanda vya wasichana wa kumi na minane, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angekuwa na mama wa kumpigia kuhusu mambo yote mia tatu. Wengi wasingeuliza. Wangeishi hivyo, wanatuliza watu, wanaogopa, wanadhani ndio maisha yao. Akaiweka chini ile kalamu, akaomba fomu ya malalamiko. Sauti yake ilitoka nyembamba, na hakuona aibu.

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Jina la mlalamikaji, tarehe, namba ya kipini. Chini yake palikuwa na jedwali la waliodhurika, na safu ya pembeni ya uhusiano wao na mlalamikaji. Mstari wa kwanza aliandika Subilaga, na kwenye uhusiano akaandika: mimi mwenyewe. Mstari wa pili aliandika polepole, kwa herufi kubwa, apate kusomeka hata na mtu asiyemjua. Tusekile. Miaka minne. Mdogo wangu.

Dokta alisoma, akavua miwani.

"Huyu hayupo," alisema.

"Najua. Kesho hata mimi sitajua. Ndiyo maana nataka aandikwe mahali."

Alifikiri atakatazwa. Dokta Lugano akachukua muhuri, akaupiga kando ya majina yote mawili, akatoka kuwaita wauguzi.

Walimlaza ubavu, sikio la kushoto juu. Mmoja wao alimwambia avute pumzi na ahesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Subilaga hakuhesabu. Alipeleka dole la mkono wa kushoto kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akabonyeza, na mvua ikaanza. Gogo likayumba. Tusekile akateleza, akaning'inia, akaanza kumvuta, na woga uleule wa kufa ukampanda, mkali kama siku zote. Safari hii hakufungua vidole. Ikawabidi wauguzi wavifungue wao, kimoja kimoja, kutoka kwenye kifundo chake mwenyewe, kazi ilipokwisha.